Takwimu zinasema wageni wa tovuti yangu wako Kinshasa, na duka liko Lubumbashi: nihamishe pesa za matangazo?

#1 Mwenye Duka (Kampemba, Lubumbashi)
Salamu kwenu nyote. Ninauza paneli za jua, betri na inveta katika komini ya Kampemba, na duka lina tovuti ndogo ya Kifaransa yenye orodha ya bidhaa, bei kwa dola, na kitufe cha kuagiza kwa WhatsApp. Wiki hii mimi na mshirika wangu tulikaa kutazama taarifa za Google Analytics, chombo kinachohesabu wageni wa tovuti, kabla ya kupanga bajeti ya matangazo, na taarifa ya miji ikaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wageni wetu wako Kinshasa, huku Lubumbashi ikifuata kwa mbali. Katika taarifa ya vyanzo, sehemu kubwa imeandikwa kuwa ilikuja moja kwa moja, yaani bila kupitia tangazo wala injini ya kutafutia. Mshirika wangu anasema tupunguze redio ya hapa, pesa hizo ziende kwenye matangazo ya Facebook yanayolenga Kinshasa, na tutafute msafirishaji wa mizigo. Mimi nasita, kwa sababu katika daftari la mauzo wateja wa Kinshasa ni wa kuhesabika kwa vidole. Tatizo ni kwamba yeye ana grafu, mimi nina daftari lenye mafuta ya betri. Ninyi mnaofanya biashara kwa tovuti, mnazitumiaje namba hizi mnapogawa pesa?

#2 Fundi wa Seva (Lubumbashi)
Karibu, mleta mada. Taarifa ya miji haitoki kwenye simu ya mteja. Google Analytics huikisia kutokana na anwani ya IP (namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti) ambayo ombi lilitokea, kisha anwani yenyewe haihifadhiwi katika toleo la sasa. Kampuni za simu huweka maelfu ya wateja nyuma ya anwani chache za pamoja, na anwani hizo mara nyingi husajiliwa mahali palipo makao makuu au lango la kutokea kwenye intaneti. Mtu aliyeketi Katuba hapa Lubumbashi na simu mkononi anaweza kuhesabiwa kuwa yuko Gombe kule Kinshasa.

Usiniamini mimi, jaribu mwenyewe. Zima Wi-Fi ya dukani, washa data ya simu, fungua tovuti yako, kisha tazama taarifa ya wakati halisi uone umewekwa mji gani. Rudia kwa laini ya kila kampuni uliyo nayo, na uwaombe rafiki zako wa komini za Ruashi na Kenya hapa mjini wafanye vivyo hivyo. Chagua saa ambayo tovuti haina watu, usije ukamhesabu mgeni mwingine ukadhani ni wewe.

#3 Binti Ibanda (Bukavu)
Namuunga mkono Fundi, na kwetu hali ni ngeni zaidi. Watu wengi wa Bukavu hubeba laini ya pili ya Rwanda, kwa sababu mawimbi ya ng'ambo ya Ruzizi yanafika hadi sebuleni kwetu. Ninaendesha tovuti ya kukodisha kumbi za harusi, na taarifa inanionyesha wageni wengi kutoka Rwanda ambao, wakishanipigia simu, wanaulizia ukumbi wa Nyawera au wa Panzi na wanataka kuja kuuona jioni hiyohiyo. Hakuna mtu anayevuka mpaka kila jioni kutazama ukumbi. Aliyenitengenezea tovuti alinishauri niongeze ukurasa wa Kinyarwanda ili niwahudumie «wageni wa kigeni»! Nilimshukuru, nikaacha.

#4 Mpiga Hesabu (Lubumbashi)
Maelezo ya #2 na #3 ni sahihi, lakini tusiyatumie kufuta namba zote za Kinshasa. Kinshasa ni mji mkubwa kuliko Lubumbashi mara nyingi, una watumiaji wengi wa intaneti, na umeme huko hukatika pia. Mtu wa huko akitafuta bei ya inveta kwa Kifaransa, hakuna kinachomzuia kuangukia ukurasa wa duka la Kampemba. Kwa hiyo wageni hao huenda ni mchanganyiko, na taarifa ya miji peke yake haiwezi kutuambia kila kundi lina uzito gani.

Kuna dalili moja ninayoiangalia mapema: saa. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Tazama saa ambazo wageni «wa Kinshasa» huingia kwa wingi, uzilinganishe na saa za wageni wanaoandikwa Lubumbashi. Zikilingana kabisa, kupanda na kushuka kwa pamoja, inawezekana wengi wao ni watu wa mji mmoja. Kabla ya hapo, hakikisha akaunti yako ya takwimu imewekewa majira ya mji gani katika mipangilio. Nimekutana na akaunti nyingi hapa nchini zilizoachwa na majira ya Los Angeles, mwenyewe akidhani wateja wake hawalali.

#5 Karani Mstaafu (Likasi)
Vijana, mnanichekesha. Mteja akiingia dukani muulizeni: «Mama, umetujua kwa njia gani?» Andikeni jibu. Mwisho wa mwezi hesabuni. Tulifanya hivyo zamani na hatukuhitaji satelaiti.

#6 Kijana wa Himbi (Goma)
Papa Karani, heshima yako. Njia yako ni nzuri kwa anayefika dukani, lakini haimwoni aliyefungua ukurasa, akaona bei, akaondoka kimya.

Mleta mada, nadhani mnabishana juu ya taarifa yenye uzito mdogo kuliko ile ya pili uliyoitaja, ya wageni wa moja kwa moja. Mshirika wako anaona watu walioandika anwani ya tovuti kwa kumbukumbu, kwa hiyo anadhani jina la duka limeshajulikana. Kiungo kinapotumwa ndani ya WhatsApp na mtu akakibofya, kivinjari kwa kawaida hakipokei habari ya mahali kilipotoka, na chombo cha kupimia kinakosa pa kumweka. Anawekwa kwenye kapu la moja kwa moja. Katika mji ambao kila parokia, kila ukoo na kila shule ina kundi lake la WhatsApp, kapu hilo limejaa watu walioletwa na watu wengine. Hiyo ni habari njema kwa biashara, ila ni tofauti kabisa na ile anayoisoma mshirika wako.

Dawa yake ni lebo za UTM, zile ambazo Google ilizibuni. Kiungo unachotuma kwenye makundi kiwe na maneno ya nyongeza mwishoni yanayotaja chanzo na kampeni. Cha Facebook kiwe na lebo yake, cha kwenye kadi ya dukani yake. Amueni tahajia moja na mshikamane nayo, kwa sababu herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa vyanzo viwili.

#7 Fundi wa Seva
Sahihisho dogo kwa #6: lebo hizo hazikubuniwa na Google. Zilitoka kwa kampuni ya Urchin ya San Diego, ambayo Google iliinunua mwaka 2005, na mwezi Novemba mwaka huohuo ikatoa Google Analytics iliyojengwa juu ya kazi ya Urchin. Kwa sababu hiyo hata vyombo vingine, kama Matomo ambacho zamani kiliitwa Piwik, huzisoma lebo hizohizo bila taabu.

Onyo jingine: usiweke lebo za UTM kwenye viungo vya ndani ya tovuti, kutoka ukurasa wako mmoja kwenda mwingine. Ukifanya hivyo, mgeni aliyeletwa na Facebook akibofya tangazo lako la ndani, chanzo chake cha kweli kinachafuka.

#8 Mwenye Duka
Asanteni sana. Nimefanya jaribio la #2 jana usiku kwa laini za kampuni tatu. Mbili zimeniweka Kinshasa nikiwa nimeketi kwenye kiti changu hapa Kampemba, ya tatu imeniweka Lubumbashi. Leo mchana nimerudia, na moja ya zile mbili imeonyesha nchi tu bila mji. Mshirika wangu ametazama, akanyamaza kidogo, kisha akasema hilo halithibitishi kwamba watu wa Kinshasa hawapo. Naye ana haki.

#9 Mama wa Golf (Lubumbashi)
Kaka, mimi nipo upande wa mshirika wako. Ninauza samani za nyumbani, na sehemu ya wateja wangu wazuri hawaishi hapa. Wanaishi Kinshasa, wengine Ubelgiji na Afrika Kusini, wananunua kitanda au friji ya wazazi waliobaki Lubumbashi. Anayetazama tovuti yuko mbali, anayelipa yuko mbali, lakini anayepokea na kusaini karatasi ni bibi wa mtaa wa Bel-Air hapa mjini. Katika daftari langu la mauzo jina linaloandikwa ni la bibi. Kwa hiyo, mleta mada, daftari lako nalo linaweza kuwa linakudanganya kwa namna yake. Mzazi anayekaa gizani kwa sababu umeme umekatwa ndiye hasa mtu ambaye mtoto wake wa mbali atamnunulia betri.

#10 Mpiga Hesabu
Hoja ya Mama wa Golf ni nzito na inageuza swali. Kama ana haki, tangazo linalolenga Kinshasa linaweza kufaa, lakini maneno yake yawe mengine: badala ya kuahidi kusafirisha mzigo, liseme tunafikisha na kufunga nyumbani kwa wazazi wako Lubumbashi. Namba ileile, maamuzi mawili tofauti.

#11 Karani Mstaafu
Kwa hiyo jibu la bibi wa Bel-Air mtalipata kwa kumuuliza. Nasubiri kuambiwa mashine gani itamuuliza.

#12 Fundi wa Seva
Papa Karani umetushinda kwa bao moja, tunakubali, lakini mechi haijaisha.

Naongeza mambo mawili ambayo hayajaguswa. La kwanza ni roboti. Ukiona wageni wa Ashburn, Virginia, usifurahi kwamba Marekani wanataka inveta zako. Eneo lile limejaa vituo vya data, na programu nyingi zinazotambaa kwenye tovuti hutokea huko. Google Analytics huondoa roboti zinazojulikana, si zote.

La pili ni kinyume chake, watu halisi wasiohesabiwa. Chombo cha kupimia ni skripti, yaani programu ndogo, inayopaswa kupakuliwa na kuendeshwa ndani ya kivinjari cha mgeni. Nimefungua tovuti ya mleta mada kwa mtandao dhaifu: picha kubwa ya paneli juu ya paa ndiyo inayoanza kushuka mstari kwa mstari, halafu picha nyingine mbili, na skripti ya kupimia imewekwa chini kabisa ya ukurasa. Mtu wa mtandao dhaifu anayekata tamaa katikati ya picha ya kwanza anakuwa hakuwahi kuwepo. Wanaotumia kivinjari cha Opera Mini katika hali yake ya kubana data nao hupitia kwenye seva (kompyuta za kuhudumia kurasa) za Opera, ambazo huandaa ukurasa kabla ya kuutuma, kwa hiyo kipimo chao hakiaminiki sana. Tazama faili za kumbukumbu za seva yako, ambako kila ombi huandikwa hata kama skripti haikuwahi kuendeshwa. Huko roboti ni wengi zaidi, lakini angalau wasioonekana wanaonekana.

Kwa maoni yangu, hii ndiyo hasara kubwa zaidi ya kufuata takwimu hizi bila kuzihoji. Zinawahesabu vizuri wenye simu nzuri na Wi-Fi, na zinawapoteza wenye haja kubwa ya betri. Duka likipanga matangazo kwa kuwafuata wanaohesabika, litazidi kuongea na watu wa Golf, mtaa wa wenye uwezo, peke yao.

#13 Mama wa Golf
Watu wa Golf wamekusikia, Fundi, na wananunua pia!

#14 Binti Ibanda
Kuhusu Facebook, kuna jambo ambalo wauza matangazo hawalisemi. Wateja wengi hununua kifurushi cha mitandao ya kijamii peke yake, kwa sababu ni cha bei nafuu. Mtu huyo analiona tangazo lako, analipenda, anabofya, na ukurasa haufunguki kwa kuwa tovuti iko nje ya kifurushi chake. Facebook inahesabu mbofyo na kukutoza, tovuti haihesabu chochote. Meta wenyewe, wamiliki wa Facebook, hutenganisha mibofyo ya kiungo na mara ambazo ukurasa ulifunguka kweli, kwa hiyo ziombe namba zote mbili na utazame pengo kati yake. Kwangu pengo lilikuwa kubwa kiasi kwamba sasa tangazo linampeleka mteja moja kwa moja kwenye mazungumzo ya WhatsApp, siyo kwenye tovuti.

#15 Kijana wa Himbi
Hilo ni kweli, lakini ukifanya hivyo unapoteza kipimo cha tovuti kabisa. Njia ya kati ni kuandika mapema ujumbe unaotokea mteja akibofya kitufe, tofauti kwa kila chanzo. Anayetoka Facebook ujumbe wake uanze na «Nimeona betri kwenye Facebook», anayetoka ukurasa wa inveta uanze kwa jina la inveta hiyo. Wengi hawaubadilishi, wanabonyeza kutuma tu. Kwa redio, mtangazaji aseme neno fulani ambalo mteja akilitaja atapewa waya wa kuunganishia bure. Nadhani hapo Papa Karani atafurahi, maana ni swali lake lilelile limewekwa mdomoni mwa mteja mwenyewe.

#16 Karani Mstaafu
Nimefurahi. Sasa niulize la kihesabu. Huyo mshirika analinganisha mwaka huu na upi? Nakumbuka intaneti ilikatwa nchini tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Kijana mmoja akaja kunionyesha kwamba Januari 2020 biashara ya mtandaoni ya shemeji yake ilikuwa «imeruka». Iliruka kutoka shimoni.

#17 Kijana wa Himbi
Kwetu Goma ndiyo kabisa. Baada ya mji kuchukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025 na benki kufungwa, watu walibaki na simu lakini pesa taslimu ikawa adimu. Wageni wa tovuti ya ndugu yangu anayeuza vifaa vya ofisi hawakupungua sana, maagizo ndiyo yaliyoanguka. Mtu aliyeangalia grafu ya wageni peke yake angesema matangazo yanafanya kazi lakini tovuti ni mbaya, angemwita fundi abadilishe rangi ya vitufe.

#18 Mpiga Hesabu
Papa Karani ameuliza swali ambalo lingepaswa kuja mwanzoni. Kuna mtego mwingine wa kulinganisha miaka: toleo la zamani la Google Analytics liliacha kupokea data tarehe 1 Julai 2023, na toleo jipya huhesabu kwa kanuni nyingine. Katika toleo jipya ziara huitwa yenye ushiriki kama imezidi sekunde 10, au imefungua kurasa mbili au zaidi, au imefikia tukio uliloliwekea alama kuwa muhimu. Asilimia ya wanaoondoka mara moja sasa ni kinyume cha hiyo. Ukiweka grafu ya zamani kando ya mpya, unaweza kushangilia maendeleo yaliyoletwa na kubadilika kwa kanuni.

Na kuhusu kujaribu tangazo dogo la Kinshasa, tuchukue mfano wa kubuni. Tangazo la kwanza limeleta wageni 200 na maagizo 6, la pili wageni 200 na maagizo 9. Mshirika atasema la pili limeshinda kwa nusu nzima. Ukipiga hesabu, tofauti hiyo ni ndogo kuliko kuyumba kwa bahati kunakotarajiwa kwa wageni wachache namna hiyo, na ukirudia jaribio matokeo yanaweza kugeuka. Duka la ukubwa huu litafute tofauti kubwa, zile za mara mbili au tatu, na lisipoteze usingizi kwa nyingine. Tena, Facebook nayo hukisia mahali mtu alipo kwa ishara kadhaa, IP ikiwa mojawapo, kwa hiyo hata tangazo «la Kinshasa» linaweza kuvuja likafika Katuba.

#19 Mwenye Duka
Nashukuru sana. Tumekubaliana hivi na mshirika wangu, japo kila mmoja kwa sababu zake. Redio haiguswi kwa sasa, na itakuwa na neno lake la siri kama alivyoshauri Kijana wa Himbi. Viungo vya makundi vitapewa lebo. Picha ya paa itapunguzwa na skripti kupandishwa juu. Katika fomu ya kuagiza tumeongeza maswali mawili: betri itafungwa mtaa gani, na nani analipa. Mshirika wangu amepewa fungu dogo la kujaribu tangazo la Kinshasa, lakini kwa maneno ya #10, na tumeandika leo, kabla ya kuona namba yoyote, ni maagizo mangapi yatatufanya tuendelee. Yeye alitaka matatu, mimi nilitaka kumi, tukaandika sita.

#20 Mama wa Golf
Hongera. Ila maagizo ya ndugu wa mbali hayaji kwa wiki mbili. Wangu huja mishahara inapotoka na kabla ya Krismasi, na huanza kwa kutazama bei mara nyingi bila kununua. Mkifunga jaribio mapema mtakata mti wenye maua.

#21 Fundi wa Seva
Na atakayetazama bei mara nyingi kwa simu na baadaye kuagiza kwa kompyuta ya kazini atahesabiwa kuwa watu wawili, asipokuwa ameingia kwa akaunti. Anayetumia Safari, kivinjari cha iPhone, akirudi baada ya siku saba bila kutembelea tovuti, kuki (alama ndogo ya kumtambua mgeni) iliyowekwa na skripti ya kupimia huwa imeshafutwa, naye anahesabiwa mgeni mpya. Mama, wateja wako wa Ubelgiji wanatumia simu gani?

#22 Mama wa Golf
Wa Ubelgiji wengi wanatumia iPhone. Wa Kinshasa sijawahi kuwauliza.